Bibi wa Chuma Ukingoni mwa Barabara

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi wa kutengeneza cherehani, mwanamke ambaye kila mtu alimwita Spana. Spana ametutoka wiki iliyopita akiwa na miaka hamsini na sita.

Mama yake alitibiwa kliniki iliyokuwa ng'ambo ya barabara kuu. Barabara hiyo haikuwa na kivuko cha waenda kwa miguu. Hata mstari mmoja! Bi mkubwa, na magoti yake mabovu, aliweza kusimama ukingoni saa nzima. Siku moja akarudi nyumbani bila dawa. "Wamenipita kama nguzo," alisema.

Spana akajifungia karakana miezi minne. Kwa kanyagio la cherehani, cheni ya baiskeli na mabati, akaunda bibi wa chuma, akamvika kilemba cha mama yake. Jumamosi asubuhi akamsimamisha ukingoni, yeye akakaa nyuma akikanyaga. Bibi akainua mguu, akaurudisha. Akainua, akaurudisha. Kutwa! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakajiona wao wenyewe pale ukingoni.

Dereva wa lori akasimama, akashuka. "Shikamoo bibi. Njoo nikuvushe." Akangoja marahaba, wapi! Alipomshika mkono, chuma kitupu. Aibu ilimpata, lakini nyuma yake magari yote yalikuwa yamesimama. Watu wakavuka.

Mama mtu alikuja juu. "Umeniaibisha mji mzima, na kilemba changu juu!"

"Mama, aibu si yako," Spana akasema. "Ni ya wenye usukani."

Alirudi pale kila Jumamosi kwa miaka miwili. Narudia, miaka miwili, jua na mvua. Askari walimfukuza, akarudi. Wakamchukua bibi, akaunda mwingine. Mwishowe mafundi wa manispaa wakaja na ndoo za rangi nyeupe, wakachora kivuko.

Siku hiyo mama yake alivuka taratibu na fimbo yake. Spana alibaki ukingoni, analia huku anacheka.

"Hakunishika mkono," mama alituambia jana. "Alitaka nijue barabara ni yangu pia. Najivunia mwanangu, jamani. Najivunia."

Mama, pole sana. Poleni wanafamilia na mafundi wenzake. Mungu amlaze pema. Nawe unayetusikiliza ukiwa kwenye usukani, ukimwona mtu ukingoni, simama. Usingoje mpaka awe wa chuma.