Mashine Imesema Kijani

Ilianza Jumanne, saa tano na dakika kumi asubuhi, pale dada wa kukagua skrini, ambaye kijiweni wanamwita Darubini, alipoinama kuokota glavu iliyomponyoka kiwandani. Akiwa ameinama hivyo, aliona kwenye kona ya skrini iliyowashwa mezani wingu dogo la kijivu, mithili ya pumzi juu ya kioo. Alipoinuka, halikuwapo. Mashine ya kukagua, inayopiga kila skrini picha kutoka juu ili kutafuta kasoro, ilikwisha kuwasha taa ya kijani: safi, ipite. Msimamizi naye akaja, akaitazama kutoka juu, akasema huo ni mwanga wa balbu tu. Mzigo ungepakiwa kesho yake asubuhi. Darubini bado alikuwa kwenye majaribio ya kazi, na mwenzake aliyewahi kuzuia mzigo kwa kasoro isiyoonekana hakumaliza wiki. Jioni alifika kwenye benchi lililo nje ya karakana ya baiskeli, akawamwagia wenzake wa kijiweni yote.

— Hiyo mashine imekula rushwa, alisema Breki, fundi baiskeli, mikono imejaa grisi. Haiwezi kuona kitu ikanyamaza hivihivi.

— Rushwa iende wapi, ina tumbo?

Huyo alikuwa Spika, karani mstaafu, ambaye hakuwahi kutoa hoja akiwa ameketi. Alisimama.

— Sikilizeni. Ile imechoka! Kutwa nzima inakodolea vioo, haipepesi. Ungekuwa wewe, saa hizi ungekuwa unamwona marehemu bibi yako humo.

— Haichoki, babu, Darubini alisema. Ndiyo maana waliinunua.

— Basi ni undugu, Breki alidakia. Kamera kioo, skrini kioo. Nani atamchongea nduguye?

Mama Birika, muuza kahawa, alicheka hadi kikombe kikamtoka. Darubini hakucheka.

— Mwanangu, ulikuwa umekula? Mimi njaa ikinishika naona mawingu hata kwenye sufuria.

— Nilikula, mama.

— Na usingizi ulipata?

Darubini aliyafikicha macho. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna tangu asubuhi. Alikuwa hajalala vizuri siku nyingi, na macho yake mwenyewe alianza kuyatilia shaka.

— Achana nayo, binti, alisema Spika, na safari hii aliketi, sauti chini. Mashine imesema kijani, bosi wako amesema kijani. Wewe nani useme kijivu? Ukikosea, keshokutwa tutakuwa nawe hapa benchini toka asubuhi.

Breki alirudi kugonga rimu ya baiskeli aliyokuwa akitengeneza.

Kando yao alisimama mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi, mgeni, akisubiri baiskeli yake izibwe pancha.

— Samahani, dada. Hizo skrini ni za nini?

— Za hospitali. Zile za kuonyesha mapigo ya moyo, kando ya kitanda.

— Wingu uliliona kona gani?

— Juu, kulia.

— Kwenye zile zetu, namba ya mapigo inakaa hapohapo.

Darubini aliweka kikombe chini.

— Mimi, muuguzi aliendelea, nakuwa upande wa pili wa kitanda, nimeinama, nautafuta mshipa wa mgonjwa. Namba naisoma kwa pembeni. Sasa niambieni: hiyo mashine na huyo bosi, ni nani aliyeitazama skrini kutokea ninaposimama mimi?

Breki alimtazama Spika. Spika alisimama, kisha akaketi tena.

— Baiskeli yako tayari, dada, Breki alisema, ingawa gurudumu lilikuwa bado liko mkononi mwake.

Asubuhi iliyofuata, lori lilipokuwa likirudi nyuma kuelekea mlango wa kupakia, Darubini aliufunga mlango huo kwa ndani. Msimamizi alikuja mbio.

— Una wazimu? Mashine ilisema nini?

— Ilisema kijani, kaka.

Alichomoa skrini ileile ya jana kwenye boksi la kwanza, akailaza mezani, akaiwasha. Kisha akavuta kiti hadi pembeni kabisa ya meza, akakipangusa kwa kiganja.

— Kaa hapa kwanza, alisema. Ukishatazama, ndipo unifukuze.