Lesian Parsimei na Rangi za Mlima Meru

Marehemu Lesian Parsimei alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika kijiji cha Oldonyo Sambu, mtoto wa kwanza wa Mzee Parsimei na mkewe Nalepo. Alisoma shule ya msingi kijijini huku akichunga ng'ombe, akamaliza kidato cha nne mjini Arusha mwaka 1997.

Mwaka uliofuata alipokelewa mtaa wa Sekei, Arusha, na mpiga picha Mzee Shamsudin, aliyemfundisha picha za pasipoti na za harusi. Moyo wake lakini ulikuwa kwenye milima na nyika. Kompyuta zilipoingia, akaanza kubadili rangi za picha zake: anga la njano, nyasi nyekundu, Mlima Meru wa zambarau. Wenye hoteli walizigombania picha hizo. Mama yake alipoonyeshwa mojawapo aliuliza, "Mlima huu unaumwa nini?" Lesian alicheka hadi akakaa chini. "Hauumwi, yeyoo, mama yangu. Ndivyo ninavyouona mimi."

Tarehe 6 Desemba 2008 alifunga ndoa kanisani na Esther, mwalimu wa Tengeru. Walijaliwa mabinti wawili.

Ukame wa mwaka 2022 ndio uliowatenganisha ndugu. Marehemu alipiga picha bonde moja nyuma ya mlima, kavu tupu, akalitia kijani kibichi kwa ajili ya maonyesho. Aliituma pia kwenye kundi la simu la familia, bila maelezo. Mdogo wake, Sakaya, alilitambua bonde lile. Akaswaga ng'ombe arobaini na mmoja walioachwa na baba yao, mwendo wa siku mbili, akakuta vumbi. Akapiga simu.

"Kaka, majani ya picha yako yako wapi?"

Lesian akasema, "Niliyatia mimi, Sakaya. Kwenye kompyuta."

Ng'ombe thelathini na watatu walikufa. Marehemu alipeleka mitamba wanne kuomba radhi. Sakaya aliwarudisha bila hata kumkaribisha ndani ya boma. Tangu hapo, chini ya kila picha aliyoibadili, marehemu aliandika kwa mkono: "Rangi hizi si za kweli." Hawakusemezana miaka mitatu.

Januari 2025 aligundulika ana saratani ya koo. Esther alimwita Sakaya mara mbili, asije. Alifika hospitalini Septemba 9, sauti ya kaka yake ikiwa imeshakatika.

"Shikamoo, kaka."

Lesian alimshika mkono, hakuuachia. Sakaya akazungumzia mvua. Neno lililompeleka hakulisema. Alidhani atalisema kesho. Marehemu alifariki kesho yake saa moja asubuhi, akiwa na miaka 46.

Ameacha mama yake Nalepo, mjane wake Esther, mabinti zake Elinipa na Naishorwa, na mdogo wake Sakaya, aliyeandika wasifu huu na anayeusoma. Neno lile analisema sasa, mbele ya jeneza: kaka, nimekusamehe, na nilichelewa.

Bwana akupe pumziko lenye amani, Lesian.