Mama Geuza na Pazia la Kona

Marehemu shangazi yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Geuza, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga. Alimaliza darasa la saba mwaka 1972, kisha akasomea upigaji chapa. Alijisifu kwamba vidole vyake vilijua herufi kuliko macho yake.

Tarehe 4 Mei 1981 alifunga ndoa na fundi redio, aliyemtangulia mwaka 2003. Hawakujaliwa mtoto.

Baada ya miaka mingi ya kupiga chapa ofisini, mwaka 2006 alifungua duka la intaneti lenye kompyuta sita. Kwa kuwapenda wanafunzi, alishona pazia la maua akalitundika kwenye mashine ya kona, wasome bila bughudha. Nyuma ya pazia hilo, mwaka 2009, binti wa miaka kumi na mitatu alizoeana mtandaoni na mtu aliyejiita msichana wa rika lake. Kumbe alikuwa mwanaume mzima. Alimwomba picha, akatumiwa, kisha akamtishia kuzisambaza wiki tano nzima. Marehemu alikuwa akiketi hatua nne tu kutoka hapo.

Binti alipomweleza, alilishusha pazia siku hiyohiyo. Alichapisha ujumbe wote kwenye karatasi, akaupeleka polisi.

"Mama, si ufute tu, mtoto asahau?" askari alimwuliza.

"Nikifuta, nitakuwa nimemfichia mwizi ngazi."

Alirudi kituoni mara kumi na moja. Mtu yule hakupatikana, na jambo hilo lilimwuma hadi mwisho.

Tangu hapo skrini za kompyuta zote zilitazama mlango. Wateja walinung'unika: "Mama, hata barua ya mchumba isomwe na wapita njia?"

"Kama inakuaibisha, kaisomee kwenu. Geuza skrini!"

Januari 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Wodini, muuguzi alipotaka kuvuta pazia la kitanda, shangazi alisema, "Acha wazi, mwanangu." Liliachwa wazi hadi alipofariki, tarehe 17 Februari 2024, saa tatu asubuhi.

Ameacha dada wawili, kaka mmoja, na binti wa kaka huyo, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita na ambaye ndiye anayewasomea maneno haya. Yeye ndiye aliyeketi kona ile. Anataka mjue kwamba shangazi hakumwuliza hata mara moja, "Kwa nini ulituma?"

Pumzika kwa amani, shangazi. Mlango tutautazama sisi.