Sakafu Iliyolia Kama Debe

Waheshimiwa mapadre na masista, ndugu, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutusitiri, mimi ni mtoto wa tatu wa marehemu, mwalimu katika shule hii ya masista iliyo nyuma yenu, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu kwa sababu kaka yetu mkubwa, ambaye kazi hii ni yake, anasema amesahau miwani nyumbani, ingawa sote tunaiona mfukoni mwake.

Baba alizaliwa tarehe 9 Machi 1938, katika vyumba vya wafanyakazi nyuma ya nyumba ya watawa, akiwa mtoto pekee wa dobi wa masista. Dobi huyo, yaani bibi yetu, alikuwa mmoja wa wasichana thelathini na mmoja wa kwanza kupokelewa hapa mwaka 1910, shule ilipokuwa bado haina paa, na wanafunzi walisoma asubuhi, mchana wakabeba chokaa na mchanga. Sakafu ya chumba cha kufulia ilipokamilika, tarehe 2 Juni 1911, sista msimamizi aliwaruhusu wabebaji wale, kila mmoja, abonyeze kiganja chake kwenye chokaa mbichi, na bibi, aliyekuwa na miaka minane, alibonyeza cha kwake karibu na mfereji wa maji, kidole cha mwisho kikiwa kimepinda kwa kuangukiwa na jiwe katika kazi hiyohiyo.

Miaka mingi baadaye alifua katika chumba kile, na baba, akiwa mdogo, alikaa sakafuni akitia mkono wake ndani ya alama ya mkono wa mama yake. Bibi alifariki tarehe 17 Oktoba 1943. Hakuacha picha hata moja, na baba alilelewa na mama yake mdogo.

Alisoma hapa kuanzia mwaka 1946 hadi darasa la nne mwaka 1949, hesabu akiziweza, imla ikimshinda kabisa, na mwaka 1953 alianza kujifunza uashi kwa fundi mkuu wa misheni, mzee mkali aliyempokonya mwiko kila alipopiga mluzi kazini. Tarehe 1 Februari 1958 aliajiriwa rasmi na masista. Tarehe 12 Agosti 1961 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyeshona sare za shule, wakajaliwa watoto watano, ambao wanne tuko hai, na wajukuu kumi na wanne.

Mwaka 1976 Mama Mkuu wa wakati ule aliamua chumba cha kufulia kiwe maabara, na kwa kuwa maji yalituama kwenye viganja vile, alimwagiza baba avizibe kwa saruji. Baba aliomba mara moja tu viachwe, akajibiwa kwamba sakafu ni sakafu. Basi tarehe 21 na 22 Desemba, shule ikiwa imefungwa, alitandaza kwanza mchanga mkavu, juu yake akapanga karatasi za mifuko ya saruji alizokuwa akichaniwa na mama yetu, ndipo akamwaga saruji, ambayo kwa hiyo haikushikana na sakafu ya zamani. Pimamaji haikuona kosa, ila kila aliyeikanyaga alilisikia: sakafu ililia kama debe tupu.

Kwa fundi, sakafu ya namna hiyo ni aibu inayotembea. Wanafunzi walimpa jina la Fundi Debe, jina likavuka ukuta wa shule, na kanisa jipya lilipojengwa mwaka 1981, kazi aliyoitamani kuliko zote, aliitwa fundi mwingine, baba akawa wa kuchanganya rojo. Hakujitetea, kwa sababu angesema ukweli angeamriwa kuibomoa na kuimwaga upya, safari hii ishikane, na mkono wa mama yake ungekwisha hapo. Alinyamaza miaka thelathini na minane. Mama alijua yote, na alicheka pamoja na watu ili asishtukiwe.

Mimi sikujua. Mwaka 1983, nikiwa kidato cha pili, nilipiga visigino kwenye sakafu ile ili wenzangu wacheke, wakacheka, na nilipotazama dirishani baba alikuwa nje anapaka chokaa ukutani. Jambo hili limeniuma na linaniuma mpaka leo.

Mama alitutoka tarehe 30 Aprili 2008. Mwezi Septemba 2014 walikuja wataalamu wa majengo ya kale kuikarabati nyumba ya watawa na shule, wakapanga kuvunja sakafu ya maabara kwa nyundo kubwa, na baba, aliyekwisha kustaafu, alifika na fimbo yake bila kualikwa, akawaambia, “Wanangu, msipige. Inueni.” Waliingiza mtaimbo pembeni, saruji ikanyanyuka vipande vizima, na baba akaomba ufagio. Viganja vilitoka vyote thelathini na kimoja. Hakuhangaika kutafuta, alikwenda moja kwa moja penye mfereji, akapiga magoti, akaweka mkono wake, ukaufunika wote ule wa mama yake, na alilia mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

Kuanzia mwaka 2017 alisumbuliwa na kifua, vumbi la saruji la miaka sitini, akalazwa mara tatu, na alifariki Jumanne tarehe 4 Juni 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliombeba hadi kwenye gari, masista waliomletea uji kila siku, na mafundi wenzake, ambao wengine walimtania kwa jina lile na leo ndio waliolijenga kaburi lake bila kuambiwa.

Baba, uliniona dirishani na hukuniuliza kitu, siku ile wala siku nyingine. Nisamehe. Sakafu yako haikuwa na kasoro. Pumzika kwa amani, fundi.