Macho ya Bwana Nimeshaiona

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mchoraji wetu mkuu wa katuni, Mama Kifutio, anaaga dawati lake. Kila mstari anaoujua nilimfundisha mimi. Haya, nimedanganya, na hata aya ya pili sijafika. Mimi nikichora yai linatoka na pembe. Kazi yangu ni kumpa sauti Bwana Nimeshaiona, na shule niliishia pale mwalimu alipochoka.

Kwa wageni wetu: Bwana Nimeshaiona ni mchambuzi wa filamu wa katuni, mwenye tai ndefu kuliko akili, anayehukumu filamu kwa kutazama bango lake tu. Kila Jumamosi watazamaji wanacheka, na wachambuzi wa kweli magazetini wanajikuna. Mama Kifutio alimzaa kwa penseli wiki yake ya tatu katika kituo chetu cha runinga, wakati ameajiriwa kuchora ramani za hali ya hewa. Siku hiyo ramani ilichelewa. Mkuu wa wakati ule alimfokea weee, kisha akaomba aone tena kile kikatuni.

Jina la Kifutio alilipata kwa haki. Nimemshuhudia akifuta unyusi mmoja asubuhi nzima, eti unasema uongo. Nikamwambia, mdogo wangu, nani atatazama unyusi? Akajibu bila kuinua kichwa: “Mzee, wewe fungua mdomo useme aaa, nichore.”

Sasa lile jambo lenyewe. Mwaka wa kumi na tisa wa kipindi, kampuni moja ya filamu iliyokuwa ikitangaza kwetu ilichoka kuchekwa. Mkurugenzi akashuka na karatasi: Jumamosi hiyo Bwana aisifu filamu yao mpya, neno kwa neno, la sivyo kipindi kifungwe na sisi tisa tukapumzike majumbani. Naona haya kusema, lakini nilisoma. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na moyo wa kuku. Nilitamka “filamu ya karne” mara nne, na hata bango lake sikuwa nimeliona.

Katika kazi yetu sauti hutangulia. Mchoraji hufuata, akilinganisha midomo na maneno. Macho lakini huchorwa peke yake, kwenye plastiki nyembamba inayowekwa juu ya uso. Mkurugenzi alikagua maneno, akakagua midomo, akaridhika. Macho hakuyauliza.

Ijumaa asubuhi Mama Kifutio alivua saa, akanikabidhi wembe na penseli zake. “Fadhila hii ya kuchonga nadaiwa, Mzee,” akasema. Mimi nachonga, yeye anachora. Jozi sitini na nne za macho kabla ya saa sita mchana. Nilisimama nyuma yake nikichonga. Mwenzangu, mafundi nimewaona wengi. Aliyenitia baridi mwilini ni yule.

Jumamosi, Bwana akaisifu filamu kama alivyoagizwa, huku kope zikishuka, zikishuka, taratibu kama mzigo unaoteremshwa kwa kamba. Kufikia “filamu ya karne” ya nne alikuwa kalala fofofo, na mdomo bado unasifu. Sauti yangu iliyopooza kwa woga ikawa ya msinziaji hasa. Watu wakanipongeza kwa usanii! Nikapokea, nifanyeje?

Jumatatu mkurugenzi akaja na karatasi yake. Maneno yote yapo.

“Mama, huyu amelala.”

“Amechoka, bosi. Filamu yenyewe ndefu.”

Bosi akakaza uso, kisha mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko. Kampuni nayo ikanywea: kumbi zilifurika watu waliotaka kuona filamu inayomlaza mchambuzi. Kipindi kikabaki, na sisi tisa tukabaki.

Mdogo wangu, asante kwa mkono usiojua kudanganya. Tunakuombea siku ndefu zenye mwanga mzuri dirishani, miguu isiyouma, na wajukuu wasiokula penseli.

Na ile fadhila ya kuchonga, ambayo ulikiri mwenyewe kwamba unadaiwa, naidai leo. Kila Jumamosi washa runinga. Ukinisikia nasifu nisichokipenda, nipigie simu unitukane. Usinihurumie, mchoraji mpya bado hajui kunisitiri.