Mwalimu Dafroza Masatu na Madirisha ya Bweni (1941–1997)

Mwalimu Dafroza Masatu alizaliwa Bugwema tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa tatu wa Mzee Masatu Magesa na Mama Wankyo. Tarehe hiyo imo kwenye cheti chake cha ubatizo, kwa hiyo tunaiamini. Nyumbani walilima mihogo na pamba, wakafuga ng'ombe wachache, na msimu wa dagaa kaka zake walishuka ziwani. Dafroza alikuwa mtoto mwenye sauti. Akitumwa kuwaita watu waje kula, alisimama mlangoni akaita mara moja, na watu wa nyumba ya tatu nao wakanawa mikono.

Alianza shule ya misheni mwaka 1950. Baba yake alisita, akidhani binti akisoma sana atakosa wa kumwoa. Mama Wankyo alimjibu kwamba wachumba huwa hawakosekanagi, kinachokosekanaga ni nafasi ya shule. Mzee alinyamaza, na kwa kawaida yake kunyamaza ndiko kulikuwa kukubali. Dafroza alimaliza darasa la nane mwaka 1957, akaenda chuo cha ualimu, na Desemba 1960 akapata cheti chake cha Daraja la C. Mwezi uliofuata alipangiwa kufundisha Butiama.

Butiama ndipo alipokutana na Florian Boniphace, karani wa mizani ya pamba, mtu wa maneno machache hata siku hizo. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 24 Julai 1965. Katika ng'ombe wa mahari waliopelekwa Bugwema alikuwamo mtamba mmoja mwekundu ambaye hakupapenda. Alikata kamba, akarudi Butiama peke yake, akakutwa asubuhi amesimama kwenye zizi lake la zamani anatafuna kama vile hakuna kilichotokea. Mzee Masatu alipoletewa tena alicheka mpaka akakaa chini, akasema afadhali aliyerudi ni ng'ombe na si bibi harusi. Florian na Dafroza walijaliwa watoto watatu: Danford mwaka 1966, Jeska mwaka 1969 na Hyasinta mwaka 1973.

Mwaka 1974 Florian alihamishiwa kiwanda cha kuchambua pamba Bunda. Mwalimu Dafroza akapata uhamisho wa kumfuata mumewe, akawekwa kuwa mlezi wa wasichana katika shule moja ya bweni nje kidogo ya mji. Kazi hiyo aliipenda kuliko kazi yoyote aliyopata kuifanya. Alijua nani anaota ndoto mbaya na nani anajifanya mgonjwa siku ya kupalilia pamba ya shule.

Hapa familia ingependa kupita haraka, lakini marehemu mwenyewe hakupita haraka, na wasifu usiolitaja jambo hili ungekuwa wasifu wa mtu mwingine. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Oktoba 1981. Watu wazima wanaikumbuka miaka ile. Sabuni ilikuwa inapangiwa foleni, shuka zilikuwa zinaibwa kwenye kamba zikiwa bado mbichi. Bweni dogo lilikuwa limeezuliwa na upepo mwaka uliotangulia. Kwa kuwa bati hazikupatikana, liliezekwa nyasi kwa muda, na huo muda ulikuwa bado haujaisha. Kwa sababu ya wezi, bweni lilifungwa kwa kufuli wakati wasichana wakiwa shambani, na ufunguo alikaa nao mlezi. Siku hiyo msichana mmoja wa kidato cha pili, Kwangu, alikuwa amelala ndani na malaria. Habari zilifika kwamba sabuni imeletwa duka la ushirika. Mwalimu Dafroza alimpa Kwangu dawa na maji, akamwambia anarudi sasa hivi, akafunga, akaenda.

Cheche ilitoka jikoni. Mpishi alipoona paa linawaka alipiga yowe, na sauti yake ilifika kijijini kama inavyotakiwa. Tatizo ni kwamba siku zile, upande ule, yowe lilikuwa na maana moja tu: ng'ombe wameibwa. Wanaume walitoka na pinde na mapanga, wakakimbia kuelekea njia za milimani ili wawawahi wezi. Walipita mbele ya geti la shule. Moshi waliuona, wakaamini kuna zizi limechomwa na wezi, na hilo likawaongezea mbio. Mpishi alibaki na mlango uliofungwa kwa kufuli na dirisha la nondo. Wanaume waliporudi kutoka milimani bila kuona mwizi wala ng'ombe, bweni lilikuwa limekwisha kuanguka. Mwalimu Dafroza alikuwa amesimama mbele yake na mche wa sabuni mkononi.

Kwangu alizikwa kwao. Mwalimu Dafroza alikwenda msibani, akakaa na wanawake wengine chini, hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemsemesha. Kwenye uchunguzi aliulizwa ufunguo ulikuwa wapi. Akasema, "Nilikuwa nao mimi." Aliulizwa kama ana la kuongeza, akasema hana. Hakufukuzwa kazi. Alihamishiwa shule ya msingi Musoma mjini, na kuanzia Januari 1982 familia ikahamia mtaa wa Mwisenge. Nyumbani hakulia, na hilo ndilo lililotutisha. Alipika, alifua, alisahihisha madaftari. Ukimwita alikuwa anaitika, lakini ulikuwa unahisi umemwita mtu aliye chumba cha pili.

Kilichomrudisha kilikuwa kitu kidogo. Siku moja katikati ya somo la hesabu aliwaambia watoto wa darasa la tano, "Haya, chumba kinaungua. Tokeni." Watoto walicheka, kisha wakakimbilia mlango mmoja wakakwama pale wakisukumana. Aliwarudisha kwenye madawati wakarudia, na kesho yake wakarudia tena, mpaka wakawa wanatoka kimya, wa karibu na mlango kwanza, mkubwa amemshika mdogo. Mwalimu mkuu alimuuliza kama hilo limo kwenye mtaala. Akasema halimo. Akaendelea.

Baadaye alianza kwenda kwenye shule nyingine, Jumamosi, kwa baiskeli ya mumewe. Na kwa sababu alijua kwamba mtoto kutoka darasani ni nusu ya kazi, alikwenda pia kwenye mikutano ya vijiji, Bunda hadi huku Musoma Vijijini, kuwaomba wanaume jambo ambalo wengi waliliona la ajabu: yowe la shule liwe na neno. Mtu asipige yowe tupu. Apige na aseme, "Watoto!"

Katika mkutano mmoja Mzee Mseti, mtu mwenye ng'ombe wengi na mdomo mwepesi, alisimama akamwambia, "Mwalimu, yowe halinaga maneno. Ukianza kueleza-eleza, ng'ombe wameshafika Kenya."

Watu walicheka sana. Mwalimu Dafroza alisubiri wamalize.

"Ng'ombe mtawafuata, baba," alisema. "Hata kesho mtawafuata, na mtawakuta wanakula majani. Mimi namwombea ambaye kesho hamtamkuta."

Mzee Mseti alikaa. Kijiji kile kilikubali, na vingine vikafuata, si vyote. Mzee huyo ndiye aliyekuja kuwa msumbufu zaidi kwa walimu, akifika shuleni na ndoo kila walipofanya zoezi bila kumtaarifu.

Mwaka 1988 Mwalimu Dafroza alipandishwa kuwa mratibu wa elimu wa kata. Aliendesha semina za walimu juu ya moto, radi na ukuta unaotaka kuanguka. Alitaka jambo moja serikalini, na alilisema katika kila ofisi iliyomfungulia mlango: iwe sheria, si hisani ya mwalimu mkuu, kwamba mlango wa bweni usifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, kwamba kila dirisha la nondo liwe na sehemu inayofunguka kwa ndani, na kwamba kila muhula watoto wafanye zoezi la kutoka. Ofisi moja ilimwambia alete mapendekezo, nyingine ilimwambia mapendekezo yamepokelewa. Alistaafu Machi 1996 akiwa bado anayasubiri.

Na nyakati zilikuwa zimegeuka. Sabuni ilijaa madukani, bati zilikuja, nondo na kufuli zikamiminika kutoka Sirari, mpakani. Shule za watu binafsi zikaanza kuota, na sifa ya kwanza ambayo mwenye shule alikuwa akiwaonyesha wazazi ilikuwa madirisha: mwizi haingii hapa. Mwalimu Dafroza alizoea kusema kwamba zamani tulikosa vitu tukawafungia watoto, sasa tumevipata na bado tunawafungia.

Aliyekuwa akichomelea mengi ya madirisha hayo ni Danford, mwanawe wa kwanza. Karakana yake iko Musoma mjini na kazi yake ni nzuri, hata wanaoshindana naye wanakubali. Novemba iliyopita alimaliza madirisha ya bweni la shule moja mpya huku huku Musoma. Mama yake, akiwa tayari anatembelea fimbo, aliomba kupelekwa kuliona. Alilizunguka bweni lote. Alishika nondo moja, akaivuta.

"Danford," alisema, "hawa watoto wakifungiwa, watatokea wapi?"

"Mama, mwenye shule ndiye anaagizaga. Mimi nachomelea tu. Nikikataa, atachomelea mwingine."

"Basi achomelee mwingine."

Krismasi Danford alimfuata mama yake aende kwake kula, na mama yake akasema anaumwa. Ni kweli alikuwa anaumwa, lakini wote wawili walijua.

Mwalimu Dafroza alikuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu tangu mwaka 1990, na moyo ulianza kuchoka katikati ya mwaka jana. Alilazwa hospitali hapa Musoma tarehe 2 Januari. Danford alikuja kila siku na uji. Alimnywesha, naye akanywa, na hawakutaja madirisha. Jumatano jioni alimuuliza mwanawe shule zinafunguliwa lini. Danford akamwambia Jumatatu, ila watoto wa bweni wanaanza kuingia Jumamosi jioni. Mama alisema, "Haya." Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 9 Januari 1997, asubuhi, Florian akiwa amemshika mguu kwa sababu alilalamika kwamba una baridi. Tangu hapo sisi wa nyumbani tunafanya tunachoambiwa. Tunaambiwa kaeni, tunakaa. Tunaambiwa kuleni, tunakula. Uchungu tunajua utakuja, lakini bado haujafika.

Mwalimu Dafroza ameacha mume, Florian, dada mmoja, Mama Marieta, kaka mmoja, Mzee Stanislausi, mabinti wawili, Jeska na Hyasinta, wajukuu watano, na walimu wengi ambao leo wamekaa kando pale, karibu na njia ya kutokea, kwa mazoea.

Ameacha pia mwanawe wa kwanza, Danford, ambaye wengi mmekuwa mkiuliza yuko wapi. Danford yuko kwenye lile bweni. Alhamisi ile ile alitoka hospitali akaenda kwa mwenye shule kuomba akate nondo, aweke bawaba, kila dirisha lifunguke kwa ndani. Mwenye shule alimtazama nguo zake za msiba, akakubali. Lakini umeme ulikatika Alhamisi, na Ijumaa haukurudi. Umerudi leo alfajiri. Watoto wanaingia jioni.

Kwa desturi yetu mchanga wa kwanza hutupwa na mtoto mkubwa wa kiume. Jana wazee walikaa kikao juu ya jambo hilo, na Mzee Stanislausi alisema wazi kwamba mazishi hayasubirigi fundi. Wengi walikuwa upande wake. Ndipo Florian, ambaye tangu Alhamisi hakuwa amesema neno, alisema, "Haya yatasubiri. Hata Dafroza asingekubali kuzikwa kabla ya dirisha la mwisho."

Kwa hiyo wasifu huu unasomwa na kaburi liko wazi, na litabaki wazi. Tunawaomba radhi mliotoka mbali, Bunda na Butiama, na mnaowahi usafiri. Kaeni kivulini, maji yapo. Danford akifika atanawa mikono, atashika mchanga, na sisi tutafuata. Hapo ndipo Mwalimu wetu atapumzika, na Mungu amlaze kwa amani.