Masomo ya Jumamosi

Ndani ya basi la Kampemba, mwanamume mmoja aligawa karatasi: Mwalimu Kakule, Kiingereza cha kupatia kazi mgodini. Mwajuma alilisoma jina hilo mara mbili. "Ni weye unafundishaka mutoto wangu Ramla? Miezi tatu, angali anachanganya borrow na lend! Weye mwenyewe unazijua?"

"Borrow ni kukopa, lend ni kukopesha mwenzako. Ramla anakuyaka siku gani, mama?"

"Kila siku ya posho, kila Jumamosi. Anapakalaka mafuta tangu asubuyi."

Abiria walicheka. Mwalimu hakucheka. "Mama, siku ya posho ni Sabato yetu. Sifundishake hata mutoto ya gavana."

"Mwongo!" alisema Mwajuma, ila kwa sauti ndogo.

Basi likasimama, Kakule akashuka. Kesho ilikuwa Jumamosi, na Mwajuma naye angejipaka mafuta tangu asubuhi, amfuate Ramla aone anakokwenda.